Kwenu mnaonakili propati kwa kitanzi

Nimekagua msimbo wa Objective-C wa wageni wetu wawili, na kila mmoja ameandika kitanzi kilekile cha kunakili kitu nilichokiandika mimi nilipokuwa mgeni kama wao: class_copyPropertyList ya kupata orodha ya propati, kisha valueForKey: ya kusoma huku na setValue:forKey: ya kuandika kule. Nilicheka, kisha nikakasirika, ndipo nikaona heri niandike.

1. Orodha mnayorudishiwa iachilieni kwa free(), kwa kuwa ARC, mfumo unaowaachilia kumbukumbu ya vitu, haiigusi. Tena haina propati za klasi mama.

2. Propati ya readonly (ya kusomwa tu) isiyo na kigeu cha kuhifadhi thamani (ivar) nyuma yake itawaangusha kwa NSUnknownKeyException. Yenye kigeu ni mbaya zaidi, kwa sababu KVC, yaani utaratibu wa valueForKey: na setValue:forKey:, kwa kawaida hukiandika moja kwa moja bila kumwuliza mtu.

3. Kunakili kielekezi (anwani ya kitu) si kunakili kitu. Nilikuwa na skrini ya kuhariri oda, nami nikaitengenezea rasimu kwa kitanzi hicho ili mtumiaji akibonyeza Ghairi rasimu itupwe na oda ibaki ilivyokuwa. Jina na tarehe vilibaki salama, nikajipongeza. Lakini mistari ya oda ilikaa kwenye NSMutableArray (safu inayobadilika) iliyotangazwa strong, yaani hushika kitu chenyewe bila kukinakili, kwa hiyo rasimu na oda zilishika safu moja, na aliyefuta mstari kwenye rasimu aliufuta pia kwenye oda yenyewe. Siku tatu nililaumu hifadhidata, nikitapakaza NSLog ya kuchapisha ujumbe kila mahali isipokuwa mahali penyewe, hadi nilipochapisha safu zote mbili kwa %p, inayoonyesha anwani ya kumbukumbu, na anwani ikawa ileile, tarakimu kwa tarakimu. Kwa aibu nikabadilisha strong kuwa copy, nikaenda kulala. Asubuhi programu ikaanguka kwenye removeObjectAtIndex:, kwani copy ya NSMutableArray hutoa safu isiyobadilika. Nikaweka mutableCopy, na safu zikatengana kweli, ila mistari iliyomo ilikuwa bado ileile, hivyo aliyebadilisha idadi kwenye rasimu aliibadilisha kotekote. Ndipo nilipoketi kuandika copyWithZone:, mbinu inayoitwa kitu kinaponakiliwa, kwa mkono, propati moja moja, na mistari nikaipa NSCopying (uwezo wa kunakiliwa) yake.

4. Nil (yaani hakuna kitu) ikipelekwa kwa KVC kwenye propati ya NSInteger, ambayo ni nambari tu, hurusha kosa, msipoandika setNilValueForKey: yenu.

Maoni yangu nimeyaacha kwenye mstari wa kitanzi. Msinijibu kwamba majaribio yamepita, wapendwa. Nimeyasoma, na yanalinganisha majina tu.