Majani ya mlonge chunguni, lusina kwa mbuzi

Kaskazi ikikaza, kati ya Januari na Machi, nyasi huku Lamu hukauka zikabaki vijiti. Mlonge na lusina (mti wa malisho, Leucaena) hubaki na majani muda mrefu baada ya hapo, maana mizizi yake huyafuata maji chini. Kwa hivyo, ndugu zangu wenye ua na mbuzi, pandeni miti hii kabla hamjafikiria kununua pumba.

Gramu 100 za majani mabichi ya mlonge zina takriban gramu 9 za protini, tena zina kalisi, chuma, vitamini C na karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A. Sisi twayapika kwa tui, na hapo wazee walipatia kweli: karotini haifyonzwi vizuri bila mafuta. Nyonyoa majani, tupa vijiti, chemsha kidogo tu kwani moto mrefu huua vitamini C, kisha mimina tui zito mwisho. Ya kuweka akiba yaanike kivulini, si juani, ndipo karotini isipotee. Mimi huyasaga nikatia kijiko katika uji wa watoto. Mizizi na magome msiyatie chunguni kabisa.

Kisamvu ni habari nyingine. Kina sumu ya sayanidi, basi kitwange na ukichemshe sana, chungu kikiwa wazi, kabla ya tui.

Mbuzi anayekula nyasi kavu peke yake hudhoofu hata akishiba. Vijidudu vya tumboni mwake vinavyosaga nyasi vinahitaji protini, na nyasi kavu haina ya kutosha. Majani makavu ya lusina yana zaidi ya asilimia 20. Wangu huwapa jioni, juu ya nyasi, na maziwa hayakatiki. Lakini yasizidi thuluthi ya chakula chao, kwa sababu lusina ina sumu iitwayo mimosini. Ikate pia kabla maganda hayajakauka, la sivyo mbegu zitateka shamba zima.

Punda msimpe. Tumbo lake si la kucheua, na mimosini humpukutisha singa za shingoni na mkiani. Nimemwona mmoja hapa mtaani, mwenyewe akidhani ni ukurutu na kumpaka dawa kila siku. Alipoachishwa lusina, singa zikaota.