Jiji linavuka mpaka: Buigiri inapangwa na nani?

SWALI: Habari mtaalamu. Nalima Buigiri, wilaya ya Chamwino. Tangu Mji wa Serikali ujengwe Mtumba, madalali hawatoki huku, na mashamba ya uwele na zabibu yanakatwa viwanja. Nasikia Jiji la Dodoma lina mpango kabambe hadi 2039. Unatuhusu sisi? Na kitaalamu, mji unakuaje bila kumeza mashamba ya jirani?

JIBU: Mpango kabambe wa 2019 hadi 2039, yaani mpango mkuu wa ukuaji wa mji, ni wa Jiji, na Buigiri iko Chamwino, nje ya mpaka wa Jiji; kama kuna sehemu yenu inayoguswa, ofisi ya ardhi ya wilaya ndiyo ya kuthibitisha. Watu ndio hawaishii kwenye mpaka huo. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 wakazi wa Jiji walipanda kutoka 410,956 hadi 765,179, na anayeshindwa bei ya kiwanja Mtumba anavuka tu kuja kwenu. Ndiyo maana tunahitaji kupanga kwa upana wa mkoa: kuchagua ukuaji ushukie wapi, na wapi pasiguswe kabisa.

Mimi huanza na pasipoguswa, na kwa Dodoma hapo ni maji. Mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Jiji kwa miaka mingi limetegemea visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Kumbukumbu za vipimo vya bonde hilo zinaonyesha kwamba maji ya chini ya ardhi hayajai kila masika. Hujazwa hasa na miaka michache ya mvua kubwa, kama El Nino ya 1997/98, pale mito ya msimu inapofurika na mchanga kunywa. Ukijenga juu ya mikondo ya mito hiyo, au ukikata miti ya milimani kwa mkaa, unaweza usione madhara kwa miaka kumi. Kisha visima vinashuka. Mikondo na milima havifuati mipaka ya halmashauri, na hapa ndipo mpango wa halmashauri moja pekee hushindwa, hata uwe mzuri kiasi gani.

Kuhusu ukuaji wenyewe, mfano ninaoupenda ni Kibaigwa, wilayani Kongwa. Soko lake la mahindi linavuta wanunuzi kutoka mbali, na mji mdogo umekua kwa biashara yake wenyewe. Kituo cha namna hiyo kikipewa maji, umeme, shule na viwanja vilivyopimwa mapema, kijana wa Kongwa hana haja ya kuhamia Nkuhungu, ndani ya Jiji la Dodoma. Vituo vya reli ya kisasa (SGR) vya Gulwe, Igandu na Bahi vingeweza kufuata njia hiyo, ila viwanja vipimwe kabla ya vibanda. Tukichelewa tunarudi kwenye urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango, kazi ghali na ya ugomvi.

Sasa shamba lako. Ulizia kwanza ofisi ya ardhi ya wilaya kama eneo lenu limetangazwa kuwa eneo la mipangomiji chini ya Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007. Kama bado, kijiji kinaweza kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka huohuo, hata kwa pamoja na vijiji jirani, na kutenga kilimo, malisho na makazi. Mizabibu ya Chinangali II ichorwe humo kama kilimo, si kama "akiba", yaani ardhi iliyobakizwa kwa matumizi ya baadaye. Neno hilo madalali hulipenda sana. Mpango ukipitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, omba hati ya hakimiliki ya kimila.

Kama limeshatangazwa, mchoro wa mipangomiji ndio utakaoongoza matumizi. Haki yako haifutiki kwa tangazo. Ardhi ikitwaliwa, fidia ni stahili yako. Omba kuuona mchoro huo kabla hujauza hata robo ekari, uone barabara na eneo la wazi vimeangukia wapi.