Mtoto ana platri, na tiketi za Johannesburg zimeshalipwa: apande mashine gani?

SWALI

Docta, jambo. Tuko Lubumbashi, komine ya Kampemba. Mtoto wetu ana miaka 7, kilo 22. Tarehe 4 mwezi wa 6 alianguka kutoka juu ya ukuta wa parseli (kiwanja cha nyumba), akavunja mifupa yote miwili ya mkono wa kushoto, karibu na kifundo. Walimlaza kwa dawa ya usingizi, wakairudisha mifupa mahali pake, wakaweka platri (plasta ngumu) mpaka juu ya kiwiko. Wiki ya nne wakaifupisha, sasa inaishia chini ya kiwiko. Itatoka tarehe 16 mwezi wa 7. Lakini ndege ya Johannesburg ni tarehe 12, tunarudi tarehe 18, na tulishamwahidi Gold Reef City, ile bustani ya mashine za michezo, siku ya tarehe 14. Shemeji anasema tuombe platri itolewe tarehe 10 ili mtoto acheze vizuri. Inawezekana? Na kama inabaki, apande mashine gani?

JIBU LA KINE (MTAALAMU WA TIBA YA VIUNGO)

Mama, pole na mtoto. Platri ibaki, na safari msiifute.

Nianze na wazo la shemeji, maana linaonekana la busara. Katika wiki ya sita mfupa wa mtoto wa miaka 7 huwa umeshajengewa mfupa mpya pembeni mwake, na kwenye redio (picha ya eksirei) unaonekana kama uvimbe mweupe. Uvimbe huo unatosha kushika kijiko, kuvaa shati na kuandika. Hautoshi kuanguka. Mifupa miwili ya kigasha ikishavunjika pamoja ina tabia ya kuvunjika tena palepale katika miezi ya kwanza baada ya platri kutoka. Ndiyo maana hata mtoto aliyefunguliwa vizuri, kwa tarehe yake, hukatazwa majumba ya kupulizwa, baiskeli na kupanda miti kwa wiki 6 nyingine. Kwa mivunjiko ya mifupa miwili waganga wengi hufikisha miezi 3. Kwa hiyo mtoto aliyetolewa platri tarehe 10 na mtoto mwenye platri wanazuiwa mashine zilezile. Tofauti ni moja: mwenye platri bado ana gamba la kumkinga mtu akimsukuma kwenye foleni, na mwenzake hana kitu, tena kifundo chake kimekakamaa na misuli imenywea. Kurudi tarehe 18 na kufunguliwa tarehe 19 au 20 hakudhuru chochote.

Kabla ya kuondoka, mrudishe kwa aliyeweka platri, tarehe 8 au 9. Siku hizi hatari kubwa imeshapita: uvimbe wa siku tatu za kwanza umeisha, na mfupa haukimbii tena kama katika wiki mbili za mwanzo. Tatizo la sasa ni kinyume chake. Mkono umekonda ndani na platri imekuwa pana. Ikipanda na kushuka kama kandambili, au vidole vyako viwili vikiingia kirahisi pamoja kwenye mdomo wake, itasugua ngozi juu ya mfupa wa kifundo mpaka ichubuke, na hamtaona kitu mpaka harufu itoke. Iliyolegea hivyo ibadilishwe, lakini isiwe siku ya safari. Ndani ya ndege mkono huvimba kidogo, na platri mpya iliyozunguka mkono mzima haina pa kutanukia. Kanuni ya wasafiri ni saa 48 kati ya platri mpya na ndege. Kama haikuwezekana, ipasuliwe kwa urefu kabla ya kupanda. Mkibadilisha tarehe 9, mko salama.

Mkiwa na uwezo, ombeni platri ya rezini, isiyo ya jasi. Ni nyepesi, haimomonyoki, na hukauka ndani ya saa moja, wakati ya jasi huhitaji siku mbili hivi kukauka mpaka ndani. Ila msidanganyike na sifa ya kwamba haiogopi maji. Rezini yenyewe haiogopi, lakini pamba iliyo chini yake inaogopa: ikilowa hubaki mbichi siku nyingi na ngozi huvimba na kuoza kama kidole kilichokaa kwenye maji.

Ombeni pia karatasi moja ya Kiingereza. Makaratasi ya hospitali zetu ni ya Kifaransa, na huko hakuna wa kuyasoma haraka. Iandikwe tarehe ya kuvunjika, mfupa gani, alifanyiwa nini, aina ya platri na tarehe ya kuitoa. Picha za redio zipigeni kwa simu dhidi ya dirisha lenye mwanga, ile ya kwanza na ya mwisho. Na kwa kuwa mnatoka Kongo, kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano itaombwa mpakani kabla ya mtu kuuliza habari za mkono.

Ndege kutoka Luano, kiwanja chetu cha Lubumbashi, ni kama saa mbili na nusu. Akae na mkono wa platri upande wako, juu ya mto au jaketi lililokunjwa, kiganja kikiwa juu kuliko kiwiko. Kila nusu saa afungue na kufunga vidole mara 20. Watu wa usalama wanaweza kupangusa platri kwa kitambaa kidogo cha kupimia. Ni jambo la kawaida, mweleze mtoto mapema asishtuke.

Sasa bustani yenyewe. Wazazi wengi huangalia mashine kwa macho: ile inatisha, ile haitishi. Mimi ningeomba uangalie mikono. Mashine nyingi zimetengenezwa kwa mtu mwenye mikono miwili ya kujishikia, na mtoto wako anao mmoja. Simama kando ya mashine mzunguko mmoja mzima, tazama watoto walioketi: wanashika kwa mikono yote miwili? Miili yao inatupwa upande? Wanashuka wamelowa? Jibu la "ndiyo" kwa swali moja tu linatosha kupita mbele.

Huko kutupwa si maneno matupu. Platri ya gramu 400 kwenye mzunguko unaozidisha uzito mara tatu inakuwa kama kilo moja na gramu 200, ikining'inia kwenye mfupa unaopona. Tower of Terror ya Gold Reef City inasifika kwa kuzidisha uzito wa mwili zaidi ya mara sita, na Anaconda hupeleka watu wakining'inia chini ya reli, miguu hewani. Hizo mbili hazikuhusu, kipimo cha urefu getini kitakusaidia kubishana na mtoto. Zinazoponza ni zile ndogo zenye sura ya upole. Magari ya kugongana ni mabaya kuliko yanavyoonekana, kwa sababu pigo huja kutoka nyuma bila onyo na mtoto hujikinga kwa kupeleka mikono mbele. Jumba la kupulizwa ni baya kupita yote. Hapo hata mtoto mzima huvunjika, akiangukiwa na mwenzake. Platri nayo ni ngumu kama tofali, na pua ya mtoto wa jirani haina kinga. Mitumbwi ya maji inakatazwa kwa sababu ya pamba niliyoitaja, na mifuko ya plastiki haibadilishi kitu: mfuko huzuia matone, hauzuii wimbi.

Zinazobaki ni za kutosha kwa siku moja: treni ndogo inayozunguka bustani, gurudumu kubwa lenye kibanda kilichofungwa, na farasi wa kuzunguka kama kuna benchi la kukalia, maana juu ya farasi anayepanda na kushuka ni lazima ashike mti kwa mkono mmoja tu. Popote anapoketi, mkono mzima uwe upande wa chuma cha kushikia, wa platri uwe upande wako. Wazazi hufanya kinyume, wakitaka wao waushike mkono mzima, kisha platri inagonga ukingo kila kona.

Anayesimama getini ndiye mwenye neno la mwisho. Karatasi ya daktari haimlazimishi kumpandisha mtoto, na akikataa ana haki. Yeye ndiye anayejua kile kizuizi cha kifuani kinavyoshika. Ulizeni kwenye dirisha la tiketi kabla ya kulipa, mkionyesha platri, ili mtoto asikataliwe mbele ya watu baada ya kupanga foleni dakika 40.

Gold Reef City ilijengwa juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu, na kuna ziara ya kushuka chini ya ardhi. Mtoto wa Lubumbashi, mji uliozaliwa na shaba, huenda akaipenda kuliko mashine zote. Chini kuna giza, mwinuko na mteremko, kwa hiyo amshike mkubwa kwa mkono mzima, na mkono wa platri ubaki kwenye kitambaa.

Kuhusu hicho kitambaa, kitenge kinatosha. Kikunjeni pembe tatu, kiwiko kwenye pembe, kifundo kiwe juu kidogo kuliko kiwiko, na fundo likae pembeni mwa shingo, si juu ya uti wa nyuma, ambapo baada ya saa mbili litamchoma. Kwa platri fupi ya wiki ya sita hahitaji kukivaa siku nzima nyumbani, lakini kwenye umati avae: kinaupunguzia mkono uzito na kinawaonyesha watu wasimsukume. Kabla ya kupanda mashine yoyote ncha zote ziingizwe ndani ya nguo, au kivuliwe. Kitambaa kinachoning'inia karibu na gurudumu ni hatari kuliko mfupa.

Mwezi wa 7 huko ni baridi kuliko kwetu, asubuhi hasa. Sweta lenye mkono mpana lipite juu ya platri. Vidole mvalisheni soksi safi. Baridi pia huharibu kipimo tunachowafundisha wazazi: kubonyeza ukucha mpaka uwe mweupe na kuhesabu sekunde 2 rangi irudi. Vidole vya baridi hurudi polepole hata vikiwa vizima. Kwa hiyo bonyeza vya mikono yote miwili na ulinganishe, ukiangalia kitanda cha ukucha na kiganja. Wa kushoto ukichelewa peke yake, au vidole vikifa ganzi, inueni mkono juu ya moyo dakika 15 mkiwa ndani, palipo na joto, kisha mpime tena.

Foleni huchosha mkono kuliko mashine, kwa sababu unaning'inia. Kila saa moja akae, mkono juu ya bega lako au mezani, afanye zile mara 20 za vidole. Akiwashwa ndani, gonga platri kwa nje kwa kifundo cha kidole. Kalamu na waya zikiingia huacha kidonda.

Dawa. Katika wiki ya sita hapaswi kuihitaji. Mkibeba paracetamol kwa tahadhari, kipimo ni miligramu 15 kwa kilo, yaani kama 330 kwa kilo 22, kila saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Soma chupa: ya miligramu 120 kwa mililita 5 inampa kama mililita 13, ya 250 inampa 6 na nusu. Kuchanganya chupa hizo mbili ndiko makosa yanapotokea. Na usimpe dawa ili aweze kupanda. Maumivu ndiyo breki yake pekee.

Akianguka na kulia muda mrefu, platri ikapasuka, au mkono ukaonekana umepinda, msivute wala msifungue. Inueni mkono, msimpe chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda akahitaji usingizi wa dawa na tumbo linapaswa kuwa tupu saa 6, kisha hospitali na ile karatasi ya Kiingereza. Dalili isiyosubiri hata teksi ya bei nafuu ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa ukimnyoosha vidole taratibu na akapiga kelele. Hapo ndani kumebana, platri na pamba yake vinapaswa kupasuliwa mpaka ngozi ionekane, na msuli hausubiri zaidi ya saa chache.

Kabla ya yote hayo, fanyeni jaribio dogo hapahapa. Mpelekeni nusu siku kwenye Zoo ya Lubumbashi. Mtajua kama anaweza kwenda chooni peke yake, sweta gani linapita, na anachoka baada ya saa ngapi. Akichoka baada ya saa tatu hapa, Johannesburg msipange siku ya saa nane.

Akishafunguliwa mkirudi, ngozi itakuwa na magamba na kifundo kigumu. Maji ya vuguvugu, sabuni, na akitumie mwenyewe kwa mchezo wa mezani. Asipelekwe kukandwa kwa nguvu na mtu yeyote wa mtaani. Ile miezi 3 ikihesabiwa kuanzia tarehe 19 mwezi wa 7 inaisha tarehe 19 mwezi wa 10, maembe yakiwa bado mabichi. Ukuta wa parseli, lakini, upo mwaka mzima.