Medali za watoto 60, chukua za stika

Mwalimu, umeuliza kama kwa watoto 60 wa mbio hapo Moshi mtengenezewe medali za mchoro wenu au ununue zilizo tayari. Nunua zilizo tayari, zile zenye duara katikati la kubandika stika, maana zile za mchoro wenu lazima mafundi wachonge moldi kwanza, yaani kalibu ya kutolea umbo la medali, na hela ya moldi ni ileile uchukue 60 au 1,000, sasa ukiigawa kwa watoto 60 kila medali inakuwa ghali bure. Stika mnaprinti hapohapo mjini, wekeni mlima na jina la shule, na mwaka uwe kwenye stika, utepe uwe na rangi tu, zikibaki mwakani mnabandika stika mpya. Ila waambie wailaminishe, jasho likiingia wino unachuja siku hiyohiyo.

Na jamani msichukue nzito! Binti yangu ana miaka 6, alipewa kubwa ya chuma, ikawa inamgonga kifuani akikimbia mpaka akaivua akampa bibi yake amshikie, na alikuwa ameisubiri wiki nzima. Utepe nao mpimie mtoto mmoja kabla, ule wa watu wazima unamfika tumboni.