Mimi nilihama na wazazi, kaka yangu aliachwa kwa bibi

Dada mleta mada, umeeleza kwamba mumeo amepata uhamisho kutoka Lugalo kwenda Kaboya, mkoani Kagera, na unauliza kama muende na watoto wote watatu au muwaache Singida kwa bibi yao. Nakujibu kama mtoto wa askari wa JWTZ niliyekulia kota, kwa kuwa kwetu yalifanyika yote mawili.

Mimi ndiye niliyehama. Baba alitolewa Tabora kwenda Nachingwea wakati wa masika ya mwaka 1998, mvua za El Niño zikiwa zimeharibu barabara nyingi. Tulishuka kwa treni hadi Dar es Salaam, kisha tukashika njia ya kusini, ambako Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, kwani Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Nilipoingia darasani nilikuwa nimekosa wiki tano, na mwalimu wa hesabu alikwishamaliza mada ya sehemu. Pengo hilo lilinisumbua hadi sekondari. Marafiki hawakunipa shida, maana kota ni zile zile, na mtoto mgeni hashangaliwi mahali ambapo karibu kila mtoto amewahi kuwa mgeni. (Aliyeumia kimya kimya ni mama, aliyeuza kuku wake kwa bei ya kutupa na kuacha nyuma wateja wa maandazi pamoja na madeni yao.)

Kaka aliachwa kwa bibi, Usukumani, ili asome bila kuhamahama. Alifaulu vizuri, anajua makaburi ya ukoo na mipaka ya shamba, na anazungumza Kisukuma ambacho mimi sikijui, kwa kuwa baba ni Msukuma na mama ni Mpare, hivyo nyumbani tulizungumza Kiswahili tu. Bibi alipotaka kuniambia jambo, kaka ndiye aliyetafsiri. Nilimwonea wivu kwa hilo, na sijaacha. Lakini mpaka leo akija kwa wazazi hukaa sebuleni akingoja kukaribishwa chakula, ilhali mimi naingia jikoni na kufunua sufuria.

Kwa hiyo ningekushauri uende nao, isipokuwa kama yupo aliye darasa la saba au kidato cha nne, kwani mtahiniwa akishasajiliwa, kumhamisha ni usumbufu mkubwa; huyo abaki amalize mtihani, kisha awafuate mara moja. Wengine, kama kikosi kitamruhusu mumeo atangulie, wahame wakati wa likizo. Na waambieni siku ile ile barua inapofika. Sisi tulijulishwa usiku wa kuamkia safari, nami nikaondoka na daftari la hesabu la jirani yangu wa dawati, ambaye sikupata nafasi ya kumrudishia.