Bakuli la vipande 12: kata nyuzi 15, si 30

Mkuu, umeuliza ukate nyuzi ngapi ili vipande 12 vya mbao viungane kuwa pete ya bakuli: weka msumeno kwenye nyuzi 15 kila ncha. Hizo 30 unazoziona kwenye FreeCAD (programu ya kuchorea kwenye kompyuta) ni pembe ya kipande kizima, 360 gawa kwa 12, na ncha zake mbili zinagawana. Ukikata 30 kila ncha, pete inajifunga kwenye kipande cha 6.

Urefu wa upande wa nje ni nusu kipenyo mara 2 mara tan 15. Bakuli la nusu kipenyo milimita 150 linataka kama milimita 80.4, ongeza kidogo ya kukereza. Kwenye kuchora, chora ukuta wa upande mmoja tu, uzungushe nyuzi 30 kwenye mhimili, kisha rudia mara 12. Anayetumia SketchUp (programu nyingine ya kuchorea) aongeze pande za duara kwanza (mwanzoni huwa 24 tu, zote mistari iliyonyooka), la sivyo vipimo vya mviringo vitamdanganya.

Hapa Mafinga ndivyo tunavyokata paina ya shamba la miti la Sao Hill. Ila ubao uwe umekauka kweli, si ule unaoshushwa kwenye fuso ukiwa bado unatoa maji, maana viungo vitaachia hata kama hesabu iko sawa.