Maswali ya Wasomaji: Kikwapa na Dawa za Kujitengenezea

Barua za safari hii zimejaa makwapa, nasi tumeona tuzijibu kwa pamoja. Kabla ya yote: jasho bichi la kwapani halina harufu ya kutajika. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ndio wanaolila na kuacha asidi na viambata vya salfa, na hivyo ndivyo tunavyoviita kikwapa. Basi dawa yoyote ya nyumbani hufanya moja kati ya mambo mawili, kuwabana bakteria au kuwanyima unyevu. Kuziba vitundu vya jasho ni kazi ya chumvi za alumini zilizomo kwenye vizuia jasho vya dukani, na hakuna kitu cha jikoni kitakachokufanyia kazi hiyo.

Nimetengeneza dawa ya kupaka kwa mafuta ya nazi na bekingi soda mara mbili. Mara zote mbili imejitenga, mafuta juu na kitu kama mchanga chini. Nakosea wapi? — J.

Unakosea kwenye joto. Bekingi soda haiyeyuki ndani ya mafuta hata ukikoroga mpaka mkono ufe ganzi. Inatawanyika tu, na mafuta yakiwa ya moto na mepesi, inazama. Unga hutiwa mafuta yakishaanza kuwa mazito.

Kwa kopo la mililita 100, chukua vijiko 3 vya chakula vya mafuta ya nazi, gramu 8 za nta ya nyuki iliyokwanguliwa, vijiko 4 vya chakula vya kornifulawa na kijiko 1 cha chai cha bekingi soda, vyote vya kusawazishwa, si vya kilima. Changanya kornifulawa na soda vikiwa vikavu, kisha vichekeche mara mbili kwa chujio la matundu madogo. Usiruke hatua hii: punje za soda zilizobaki nzima zinaparuza ngozi kama msasa, na wengine wanaodhani wana mzio wa soda huenda wamejikwaruza tu.

Weka nta na mafuta kwenye bakuli kavu, na bakuli juu ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi, hivyo kuwa na subira. Ukiiweka moja kwa moja kwenye moto utaiunguza. Ikishayeyuka yote, epua na uache ipoe huku ukikoroga mara moja moja. Utaona kingo zinaanza kuwa nyeupe na mchanganyiko unakuwa kama uji mwepesi. Hapo ndipo unatia unga, kidogo kidogo, ukikoroga mfululizo. Ukitaka manukato, tia matone 15 ya mafuta ya lavenda au ya mti wa chai mwishoni kabisa, maana kwenye moto yanapotea hewani. Matone 15 yanatosha. Ukizidisha hupati ulinzi zaidi, unapata mwasho. Mimina kwenye kopo na uendelee kukoroga mpaka kijiko kiache alama.

Nta usiiache ukidhani ni pambo. Mafuta ya nazi peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo siku ya joto kopo zima linageuka maji, soda inashuka tena chini na unarudi ulikoanzia. Ikitokea umekaza kupita kiasi na dawa haichoteki, yeyusha upya na uongeze kijiko cha chai cha mafuta.

Paka kiasi cha punje ya njegere kila kwapa, kwenye ngozi iliyooshwa na kukauka sawasawa, kisha ngoja dakika 3 kabla ya kuvaa. Ukivaa papo hapo nguo inabaki na madoa ya mafuta. Chota kwa kidole kikavu au kijiti. Dawa hii haina kihifadhi, na tone la maji likiingia ukungu utaota. Ikianza kunuka mafuta yaliyochacha, itupe.

Nimekuwa nikipaka limau na bekingi soda kwa wiki mbili. Harufu imepungua kweli, ila kwapa limekuwa jeusi, linawasha na linabanduka. Niendelee mpaka ngozi izoee? — Mwenye mwasho

Hapana, acha leo. Ngozi haizoei kuungua.

Ngozi yenye afya ina uasidi kidogo, pH (kipimo cha uasidi: 7 ni katikati, na namba ikishuka uasidi unazidi) kati ya 4.5 na 5.5 hivi. Soda iliyoloa iko juu ya 8, na maji ya limau yako karibu na 2. Ukivichanganya vinachemka povu na kuuana vyenyewe kwa vyenyewe, na kilichozidi ndicho kinachobaki kuishambulia ngozi. Limau lina ubaya mwingine: viambato vyake vikikaa kwenye ngozi na jua likaipiga, vinaweza kuleta malengelenge na madoa meusi yanayodumu wiki au miezi.

Kwa sasa osha kwa maji na sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kugusisha taulo bila kusugua, paka vaselini tupu, usinyoe. Mwasho ukiwa umeisha kabisa ndipo ufikirie dawa nyingine. Weusi utachelewa kuliko mwasho, huenda miezi kadhaa, na kuusugua kwa dodoki unauongeza tu. Pakifanya vidonda, usaha au uvimbe, nenda hospitali.

Ukirejea, ruka soda kabisa na ujaribu maziwa ya magnesia yasiyotiwa ladha, yale ya chupa yanayouzwa duka la dawa kwa ajili ya tumbo. Tikisa chupa, mimina nusu kijiko cha chai kiganjani, paka, acha ikauke. Ingawa pH yake ni kubwa kuliko ya soda, magnesia huyeyuka kidogo mno kwenye maji, hivyo wengi huivumilia wasipoivumilia soda. Si wote: jaribu kwanza kwenye kiwiko kwa ndani na usubiri saa 48.

Na kwa kuwa majina yanachanganya: magadi si bekingi soda. Magadi ni makali zaidi na hayafai kwapani hata kidogo. Bekingi poda nayo imechanganywa na asidi tayari, haitakusaidia kitu.

Shabu ni mbadala salama usio na alumini? — A. na K.

Shabu *ni* chumvi ya alumini, hata kama kibandiko kimeandikwa "asilia". Ila inafanya kazi: inaacha uasidi juu ya ngozi ambao bakteria hawaupendi, na haizibi jasho kama vizuia jasho vya dukani. Lowesha jiwe, pitisha mara 5 au 6 kwenye kwapa safi, acha pakauke, kausha jiwe kabla ya kulihifadhi. Likipasuka, ukingo wake unakata kama kioo. Lisugue kwenye jiwe lingine lenye maji mpaka liwe laini. Baada ya kunyoa subiri hadi kesho yake. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Kwapa langu ni safi, lakini shati likipata joto kidogo tu linanuka, hata likiwa limetoka kufuliwa. — Fundi wa ofisini

Basi tatizo ni shati. Poliesta hushika mafuta ya mwili na harufu kuliko pamba, na sabuni ya kawaida kwenye maji baridi haiyatoi. Geuza nguo nje-ndani, iloweke dakika 30 kwenye lita 4 za maji na kikombe kimoja cha siki nyeupe, suuza, kisha ifue kama kawaida ukikazania kwapani. Dawa ya kulainishia nguo iache, inaweka utando mwingine juu ya ule wa mafuta ya mwili. Siki na dawa ya klorini visikutane kamwe kwenye beseni moja: hutoa gesi ya sumu.

Nikitumia dawa ya asili bado naloa. Mbona? — Bila jina

Kwa sababu haizuii jasho, tazama juu. Kornifulawa itanyonya kiasi, si zaidi. Kama unaloa hata umekaa kivulini bila kazi, au unaamka usiku umelowa, hilo ni la kumweleza daktari.

Binti yangu ana miaka 6 na ameanza kikwapa cha mtu mzima. Nimpake ipi? — Mama mlezi

Mama, usimpake kitu kwanza. Tezi zinazoleta kikwapa huamka kuelekea kubalehe. Harufu ya namna hiyo kabla ya miaka 8 kwa msichana, au 9 kwa mvulana, inafaa ichunguzwe na daktari wa watoto, hasa kama kuna vinyweleo au chunusi. Wakati unasubiri, maji na sabuni kila siku na fulana safi ya pamba vinamtosha.